Siku Niliyorudi Kwenye Mashine ya Pamba

Mjukuu wangu Kabula,

Huku Kasoli ni mhola tu, salama kabisa, na bibi yako anapalilia mahindi. Tumefurahi mguu wako umepona. Unauliza kama mimi niliogopa kurudi kazini baada ya upasuaji.

Niliogopa. Miaka ya hamsini mashine ya kuchambua pamba ilinisaga vidole, daktari akakata viwili. Nilipopona nikarudi kiwandani, lakini mashine ilipowashwa miguu yangu ilikataa kusogea. Msimamizi wetu, mzee Masanja, alinionyesha kovu la mashine hiyo hiyo mkononi mwake.

“Mimi nilisimama mlangoni siku tatu,” alisema. “Shona magunia kwanza. Mashine utaiendea mwenyewe.”

Nilishona wiki nzima, kisha nikaiendea. Woga haukuniacha, lakini tangu siku ile sikuwahi kuingiza mkono kabla ya kuizima.

Babu yako,
Ng'wandu