Tangi Lililokosa Hewa

Madawaska, Maine
3 Machi 1974

Mpendwa Gilberte, mkaza mwanangu,

Natumai wewe, Normand na watoto hamjambo huko Hartford. Mimi mzima, ila magoti yananung'unikia theluji. Tangu tumzike Exilda wangu, mama yenu, wa kuongea naye ni jiko tu.

Nakuandikia wewe kwa sababu Normand nikimwuliza jambo anazunguka mbuyu. Jirani yangu Rosaire analitaka shamba la viazi, na nyumba pia. Nimemwambia angoje hadi msimu wa kupanda. Mkirudi, siuzi. Niambie ukweli, binti: nini kinakuzuia?

Baba yenu,
Léonide

Hartford
14 Machi

Shikamoo Baba,

Sisi wazima, ila mdogo anaota meno, hatulali. 

Umetaka ukweli, basi usinune. Ni maji. Kiangazi kile tulipokuja kwako nilikuwa naoga juu, kichwa kizima povu, nawe ukafungua bomba la jikoni ujaze birika. Maji yakakatika. Ukanipigia kelele toka chini, "Vumilia, chai inakaribia!" Povu likanikaukia kichwani.

Nina watoto watatu, Baba, na ndoo ya nepi. Shamba nalipenda, hata kelele zako nazipenda. Lakini nyumba ambayo mmoja akiosha kikombe mwingine anabaki na sabuni machoni, siiwezi.

Mkweo,
Gilberte

Madawaska
29 Machi

Gilberte mwanangu,

Salamu kwa wote, na pole kwa meno ya mdogo.

Nilinuna, lakini siku moja tu. Kisha nikashuka chini ya nyumba, nikakaza nati ya swichi ili pampu ya kisima isukume kwa nguvu zaidi. Ikanguruma bila kuzima mpaka ikatoa harufu ya kuungua, ikafa. Rosaire kaja, kacheka weee! "Léonide, umekaza kama gurudumu la trekta! Niuzie tu upumzike." Ningemjibu, ila maji ya kunywa nilikuwa nachota kwake kwa madebe ya maziwa.

Nimefunga pampu mpya, na maji ni yaleyale. Nikinawa mikono tu, inawaka, inazima, inawaka. Nadhani kisima kimechoka kama mimi. Usimwambie Normand.

Baba yako

Hartford
8 Aprili

Baba mpendwa,

Nimefurahi kusikia hujaungua na pampu. Normand sijamwambia.

Kisima hakijachoka, na wewe pia acha maneno hayo. Nimekulia ng'ambo ya mto, tangi letu lilikuwa kama lako. Pampu inajaza tu. Kinachoyabana maji yapande juu ni hewa iliyo ndani ya tangi. Ligonge kwa ngumi. Sehemu ya juu inapaswa kulia tupu. Likilia zito kote, limejaa maji, hewa hamna. Zima umeme, fungua bomba lililo chini ya tangi na moja la ghorofani, limwage lote. Kisha funga, uwashe tena.

Na utazame kile kitundu cha kuvutia hewa kwenye bomba la kuingia tangini kama hakijaziba; humo ndimo tangi hupata hewa mpya.

Mkweo

Madawaska
21 Aprili

Binti yangu Gilberte,

Mimi mzima, mzima kabisa.

Kitundu kilizibwa kwa ulimbo wa msonobari. Ni Exilda. Kilikuwa kinapiga mluzi kila tukipiga magoti jikoni kwa rozari, naye akawa anasema shetani anamwitikia. Juu ya ule ulimbo kidole gumba chake kimeacha alama, mistari yote inaonekana. Nilikaa pale na bisibisi mkononi nikashindwa. Nilimlilia, Gilberte, sikufichi. Mwishowe nikamwambia, mama, wajukuu wanahitaji kuoga. Nikakizibua kitundu, nikalimwaga tangi kama ulivyosema.

Jana nimeingia bafuni juu, nikamweka Rosaire jikoni afungue bomba lote.

"Yamekatika?" akaita.

"Hata! Fungua na la kufulia!"

Akafungua. Maji yakaendelea kunipiga mgongoni kama mvua ya mawe. Kisha nikamsikia toka chini: "Basi nyumba hii siipati tena."

Nami nangoja neno lako.

Baba

Hartford
27 Aprili

Baba,

Sote hatujambo. Barua hii ni fupi kwa sababu sahani ziko ndani ya maboksi na Normand ananiita nishike kamba.

Viazi vya mbegu usivikate vyote. Tuachie nusu, tutavikata wenyewe.

Mwanao,
Gilberte