Neno la Jumamosi Uliyokosa

Kwa Kaka mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto. Sisi hatujambo, ila macho ya Baba. Mtoto wa jicho amefunika yote mawili, na mwalimu mzima wa Kiingereza sasa anasomewa hata maandishi ya kwenye chupa ya dawa.

Ualimu wenyewe hajauacha. Unakumbuka kila Jumamosi alivyokuwa akiandika kitenzi kimoja kwa chaki, nyuma ya mlango wa kabati, nasi tukitungie sentensi tatu ndipo tupewe chai? Juzi aliniuliza maana ya "tarry". Nikamjibu kama kasuku: ni kukawia, kubaki mahali wakati wenzako wanakungoja kwingine, ni neno la vitabu vya kale, na leo ukilitumia ofisini watu watadhani umefufuka. Alicheka hadi akakohoa. Kisha akauliza nililijua lini. Nikatoa shajara ya mwaka ule: Jumamosi, tarehe kumi Machi. Akauliza wewe uliondoka lini. Nikarudi nyuma ukurasa mmoja: Jumatano, tarehe saba. Nikaifunga shajara.

Kaka, nina la kukiri. Miaka miwili sasa hujaandika. Baba alikuwa akiuliza kila nikitoka posta, nami nikachoka kumwona akigeukia ukuta. Nikaanza kumsomea barua zako. Ziko saba, na zote nimezitunga mimi. Katika ile ya mwisho ulimwahidi kwa Kiingereza, "I shall not tarry," wewe ambaye hukuwahi kumaliza kitabu.

Hakunikemea. Alisema njia ya mwongo ni fupi, hasa mwongo anayeandika tarehe. Akasema Jumamosi ile alilichagua neno hilo kwa sababu kiti chako kilikuwa kitupu. Ndilo lililokuwa la mwisho. Hajaandika jingine, wala hajaruhusu lifutwe. Halafu akaniomba nimsomee tena ile barua, polepole.

Ya nane sitaitunga. Andika wewe, hata mistari miwili. Usiogope makosa. Makosa yako Baba anayajua moja moja. Akiyasikia, atajua ni wewe.

Wifi mpe mkono wangu, na watoto uwaambie wana babu.

Ni mimi mdogo wako,
Karani, kama ulivyozoea kuniita