Tope Miguuni mwa Mzee Wenslaus

Jumatatu, 5 Mei

Simu ya kwanza: kuku wamekufa Kingolwira. Nimeuliza yote, wangapi, tangu lini, nani kawagusa. Yaelekea ni mdondo. Nikaandika. Ya pili: mbwa kamng'ata mama mmoja sokoni, tayari yuko hospitali. Nikaandika. Ndiyo kazi yangu, karani wa kupokea taarifa za magonjwa ya watu na ya mifugo. Napokea, nauliza, napeleka kwa Daktari Rehema. Sigusi mtu, sigusi mnyama. Niliipenda kazi hii kwa sababu hiyo.

Ya tatu ilikuwa ya Mkude, ofisa mifugo wa vijiji vya juu ya Bigwa. Nguruwe wa Mzee Wenslaus wanatupa mimba. Kisha akaongeza, kama mtu anayekumbuka kitu njiani, kwamba mzee mwenyewe ana homa kali, macho ya njano, na damu inamtoka puani. Binti yake Yustina naye ameanza homa.

Mwandiko wa mstari huo ni mbaya.

Jumanne, 6 Mei

Daktari kapanda na wenzake, wamechukua damu ya baba na ya binti. Yustina wameshuka naye hospitali. Mzee kakataa kutoka kwake. Damu imepelekwa Dar. Daktari anahofia ugonjwa ule wa kutoka damu, ambao hakuna hapa ofisini anayetaka kuutaja. Ukiwa ndio, anayemshika maiti humfuata kaburini.

Naomba nisitumwe.

Jumatano, 7 Mei

Mzee Wenslaus amefariki alfajiri. Majibu bado. Gari likiwa limeshawashwa, Daktari akaniita. Anataka mtu wa kuandika majina ya waliomgusa mgonjwa. Nilijifanya natafuta kalamu. Akaningoja.

Gari lilikwama njiani, tukamaliza kwa miguu, kati ya migomba na mashamba ya maharage. Ukungu. Kilio kilikatika walipoona mavazi meupe ya kujikinga mikononi mwetu. Mlangoni palikuwa na ndoo ya maji, imefunikwa, sabuni juu ya kifuniko. Wanaume wawili wamekunja mikono ya mashati. Ni watani wa ukoo ule. Kwao wenye msiba hawaoshi maiti wao, huoshewa na watani.

Daktari alieleza vizuri, kwa upole, kwa nini mzee asioshwe, atiwe tu kwenye mfuko wa maiti. Kisha mmoja wa watani akasema, "Mama, sisi tunamwosha. Nyie andikeni." Akainama kushika ndoo.

Mkude akaninong'oneza, "Wewe si Mnyamwezi? Nenda kawatanie."

Ni kweli, Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu enzi za misafara. Babu aliyaweza mambo haya. Mimi nimesomea takwimu. Miguu ilienda yenyewe. Nikaketi kizingitini, nikainyoosha kuziba mlango.

"Haoshwi mtu hapa," nikasema. "Huyu ni mtumwa wangu. Kafa bila ruhusa."

Nilijua nitapigwa. Halafu bibi mmoja nyuma akacheka. "Mnyamwezi gani huyu, mwembamba kama ufito? Huko Tabora asali imeisha?"

"Imeisha, bibi. Nilikuja kufuata magimbi yake, nikakuta kala peke yake mpaka yamemuua. Na nyie Waluguru nawajua. Mito yote hii inashuka, na maji ya kuoga mnayaogopa. Leo mwacheni kama alivyozoea."

Uwanja mzima ukacheka. Hata yule aliyeshika ndoo akaiweka chini akicheka. "Kweli huyu mtani," akasema.

Wakashauriana pembeni. Mtani huzuiwa na mtani mwenzake tu. Wakakubali mzee asioshwe, ila kwa sharti: Mnyamwezi aliyezuia ndiye aingie kumtia kwenye mfuko. Sikutania tena.

Nilivaa glavu mbili mbili. Nilipewa upande wa miguu. Tope la shambani lilikuwa limekaukia kati ya vidole na ndani ya nyufa za visigino. Alirudi kutoka kulima akiwa na homa, akajilaza, hakuinuka tena. Zipu ilikwama palepale miguuni. Nikaisukuma.

Mjane wake, Bibi Dafrosa, hakuwa amecheka. Aliniambia bila hasira, "Mtani, umemfunga na tope lake."

Alhamisi, 8 Mei

Daktari ameamuru wote tuliokwenda tukae ndani, tupime joto asubuhi na jioni. Chumba changu cha Bigwa kimekuwa kidogo. Kipimajoto kinasema mimi mzima. Sikiamini.

Nakumbuka utani wa asali, nacheka. Kisha nakumbuka nilichosema baadaye. Mwacheni kama alivyozoea. Nani alinipa maneno yale?

Ijumaa, 9 Mei

Sakafu ya bafuni ina tope. Nimeshindwa kuingia. Baadaye nimegundua ni la viatu vyangu mwenyewe.

Jumamosi, 10 Mei

Mama mwenye nyumba huacha chakula nje ya mlango. "Mnyamwezi, u hai?" "Nipo, mama." "Basi kula, nisije nikasingiziwa." Ndiyo sauti pekee ninayoisikia.

Mchana nililala. Mzee Wenslaus alikuwa kizingitini kwangu, amenyoosha miguu, kaziba mlango kama nilivyouziba wa kwake. Hakunitania. Nilitaka kutoka na sikuweza kumruka.

Nimeamka kichwa kinauma. Joto la kawaida. Naogopa.

Jumatatu, 12 Mei

Daktari kapiga simu. Si ugonjwa ule. Ni homa ya mgunda, kwa baba na kwa binti. Hutoka kwenye mkojo wa panya na wa nguruwe, hukaa kwenye maji na matope, huingilia kwenye ngozi iliyopasuka. Yustina sasa anapata dawa inayostahili. Atapona.

Nilimuuliza: wale watani wangemwosha, wangeugua? Kwa glavu na sabuni, hapana, akasema. Kisha akasema hatukujua, na kesho likitokea jingine atafanya vilevile.

Nami ningefanya vilevile. Hilo ndilo linaloniuma. Nimelia kama mtoto.

Jibu lilikuwa miguuni mwake. Mimi nikalifungia zipu.

Jumanne, 13 Mei

Nimerudi kwenye simu. Mkude anazunguka kuwaambia watu wavae mabuti shambani na wafunike vyakula panya wasivifikie. Wanamsikiliza, anasema, ila wanamuuliza mabuti yatatoka wapi.

Kabla ya kukata akasema Jumamosi wanaondoa tanga. "Bibi Dafrosa anakuita. Siyo Daktari. Wewe, mtani."

Ninaogopa kuliko nilivyoogopa maiti.

Jumamosi, 17 Mei

Nimepanda peke yangu. Ndoo bado ilikuwa mlangoni. Kifuniko kilekile, kimesogea upande, sabuni imelainika kwa mvua. Tangu siku ile hakuna aliyeimwaga. Bibi Dafrosa alikataza.

Nilimwamkia. "Marahaba, mtani." Watani wa ukoo walikuwa wameanza kunichokoza kuhusu asali, nikashindwa kuwajibu. Nikakaa chini, nikamweleza yote. Ugonjwa, panya, tope. Nikamwambia pia kwamba mumewe angeweza kuoshwa. Hilo nilikuwa nimepanga kulificha.

Akauliza juu ya Yustina. Nikasema jana amekula ugali na ameomba mboga nyingine, hii ya hospitali hataki.

"Huyo ni yeye," akasema.

Akainuka, akaondoa sabuni juu ya ndoo. "Shika upande huo."

Tukaibeba pamoja mpaka kaburini, nyuma ya migomba. Maji yalikuwa na viluwiluwi vya mbu. Ni kazi yangu kusema. Sikusema. Tulimwaga taratibu, upande wa miguu, mpaka udongo ukakataa kunywa, kisha ukanywa tena.

Akaniambia ndoo ni yangu, haki ya mtani, kama Wanyamwezi wanajua kuosha vyombo.

Nikashuka mtoni, nikaiosha.