Kumbikumbi Niliowaficha

Uthiru,
Jumanne

Kwako mke mwenzangu, Mama Nekesa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu. Shuleni tulifundishwa kuandika "mimi ni mzima, hofu ni kwako," lakini leo siwezi. Mimi si mzima sana, na wewe najua hukai vizuri hapo nyumbani, na sababu ya yote mawili ni moja. Keti kwanza. Kama mama mkwe yuko karibu, mwite naye asikie.

Singeweza kupiga simu. Simu ya hapo anayo shemeji mkubwa, na yeye ndiye ameitisha kikao cha Jumamosi. Tena sauti yangu bado inapitia puani, nikisema maneno mengi inachoka na kupotea. Mkono nao unachoka. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka, ujue nilipumzika hapo. Nimeanza kuandika jana.

Mzee wetu ameniambia kikao ni cha nini. Wanataka urudishwe kwenu, ati ulinitilia sumu katika kumbikumbi. Mama Nekesa, hukunitilia sumu. Mwenye makosa ni mimi, na nitaeleza yote.

Unakumbuka ulimpa yule mwalimu jirani yako mzigo mvua za Aprili zilipoanza. Aliufikisha vizuri. Mzee alikuwa kazini kule Kitisuru, anakata nyasi za tajiri wake, kwa hiyo nilipokea mimi. Ulikuwa umefunga mfuko wa plastiki mafundo mawili, na kikaratasi juu: "Kwa Baba Nekesa. Wafungueni leo leo muwaanike. Mkitaka kula, wakaangeni tena mpaka walie kwenye sufuria."

Nilikisoma kile kikaratasi mara tatu nikitafuta jina langu. Halikuwepo. Hapa kwangu yeye ni Baba Simiyu, lakini ulivyoandika ni kama hana mtoto mwingine wala nyumba nyingine.

Nikuambie ukweli, wivu huo haukuanza siku hiyo. Wewe una ndoa ya kanisani. Una nyumba ya mabati na shamba, na jina lako liko midomoni mwa mama mkwe. Mimi nimeokoka miaka kumi na minne lakini meza ya Bwana inanipita, kwa sababu mchungaji anasema mimi ni wa pili. Nakaa benchi la nyuma, natazama kikombe kikienda kwa wengine. Halafu nikirudi nyumbani mzee anasema, "Mama Nekesa akikaanga kumbikumbi, hata jirani anakuja kuomba chumvi ambayo hana haja nayo." Mboga yangu mimi hajawahi kuisema vizuri wala vibaya. Anakula tu kama mtu anayejaza debe.

Basi kikaratasi nilikiwashia jiko. Mfuko niliuweka ndani ya sanduku chini ya kitanda, chini ya mablanketi, na mafundo yako yote mawili. Ulikaa humo siku tisa. Kila jioni mzee akiuliza, "Mama Nekesa hakutuma kitu mwaka huu?" nilikuwa najibu, "Labda amesahau." Moyo wangu ulifurahi, Mungu anisamehe. Ulifurahi sana.

Siku ya kumi alipokwenda kazini nilifunga mlango. Ningewakaanga, lakini katika ploti yetu harufu ya kumbikumbi haifichiki. Mama Kanini wa mlango wa pili angemwuliza mzee mchana kweupe, "Jana mlikula kumbikumbi na hamkuniita?" Kwa hiyo niliwala baridi, nimekaa juu ya lile sanduku. Walikuwa wamelainika na walikuwa na kaharufu. Niliwamaliza wote, asije akaonja hata mmoja. Mfuko nikautupa mbali.

Kesho yake jioni mzee aliingia mlangoni nikaona wanaume wawili, wote na kofia ile ile. Nikawaza, haya, sasa kila mmoja wetu ana wake. Nikacheka, lakini kicheko hakikutoka vizuri. Ulimi ulikuwa mzito na kinywa kimekauka kama unga. Asubuhi kope hazikuinuka. Mate hayakumezeka. Shingo ikashindwa kubeba kichwa, kisha mikono, kisha kifua. Walinipeleka ile hospitali kubwa karibu na Upper Hill, nikawekewa mpira kooni na mashine ikanipumulia wiki tano.

Kuna jambo ambalo watu hawajui, hata mzee hajui. Nilikuwa nasikia. Mwili wote ulikufa ganzi lakini akili ilikuwa macho. Watu waliongea juu yangu kama mtu anayeongea juu ya meza. Dada yangu Robai alisimama hapo kitandani akamwambia mzee, "Shemeji, fungua macho. Ni yule mke wako wa nyumbani. Anataka abaki na wewe peke yake."

Mzee akasema, "Mama Nekesa? Hapana."

"Hapana nini? Jirani alimwona huyu mwalimu wenu akileta mfuko. Wewe uliula?"

"Mimi sikuuona."

"Basi! Kama si wewe, nani aliula?"

Nilitaka kupiga kelele. Sikuweza hata kusogeza kidole. Mungu ni shahidi wangu, siku ile nilitaka kukutetea. Laiti ningeanza kuongea siku ile.

Kisha mzee akaniinamia sikioni, akaniambia, "Mama Nekesa anakufungia kila Jumatano. Hali mpaka jioni, kwa ajili yako." Mama Nekesa, nililala pale na mpira kooni nikakuonea wivu wa maombi. Nilisema moyoni, hata nikipona itasemwa ni yeye aliniponya.

Walipotoa mpira, daktari alinikalia karibu. Ugonjwa wenyewe aliuita botulizimu. Akaniuliza, "Mama, ulikula chakula gani kilichofungwa muda mrefu?" Nikamwambia kumbikumbi wa kutoka nyumbani. Akasema kuna kidudu kisichoonekana kinachopenda mahali pasipo na hewa, na kikikaa humo siku nyingi kwenye joto kinatoa sumu. "Wangefunguliwa mapema wakaanikwa, halafu wakakaangwa moto ukaingia mpaka ndani, sumu hiyo ingekufa." Ni kama alikuwa anasoma kikaratasi chako. Nilifumba macho, akadhani nimechoka.

Tangu siku hiyo ningeweza kusema, na sikusema. Niliporudi kanisani Agosti nilipewa nafasi ya ushuhuda. Nilisema Bwana amenitoa kaburini. Mama mmoja akaongeza, "Na kutoka mkono wa adui!" Kanisa lote likanitazama. Nikasema, "Amina." Amina hiyo moja ndiyo imekufikisha kwenye kikao.

Sasa unajua ya nyuma, nikuambie hali yangu. Daktari alisema mishipa inaota upya pole pole, miezi mingi, labda mwaka, labda kuna mahali hapatarudi. Kibarua cha kufua nimeacha, siwezi kukamua hata shati. Nikipanda ngazi za kliniki napumzika mara nne. Chakula kikavu bila maji hakipiti. Jicho la kulia hufika saa kumi likaanza kushuka lenyewe. Mikono haikai juu, kwa hiyo Jumapili mzee ndiye hunifunga kitambaa kichwani, na hukifunga vibaya kama mtu anayefunga gunia la makaa. Siku nyingine nalia bila sababu. Mtu wa mazoezi hunipa mpira nifinye, anasema, "Mama, wacha hasira, finya." Hajui hasira yangu ni ya nani.

Ningenyamaza bado, Mama Nekesa, sitakudanganya. Nilikuwa nimezoea kuhurumiwa. Lakini wiki jana mzee alikuja na habari za matanga ya shangazi yake. Akasema ulikuwa jikoni na wanawake wengine, ukasonga ugali wa watu wote, na mke wa shemeji akakunyang'anya mwiko mbele ya wageni. Akasema ugali ule walipewa mbwa. Na wewe uliosha mikono ukaenda kukaa na watoto.

Nimekula chakula chako, Mama Nekesa. Usiku wa harusi yangu wewe ndiye ulinipikia, na ulinuna, lakini ulipika. Sikuweza kumeza kitu siku hiyo, na hiyo haikuwa botulizimu.

Jana nilimwambia mzee. Nilimwambia yote: kikaratasi, sanduku, siku tisa, Amina. Niliogopa. Mimi bila yeye siwezi hata kuchota maji bombani. Alikaa kwenye kistuli, kofia mkononi. Nikadhani atanipiga, au atainuka aende zake. Halafu akauliza,

"Walikuwa watamu?"

"Nini?"

"Hao kumbikumbi. Aliwatia chumvi vile huwa?"

Mama Nekesa, miezi saba, mashine, mpira kooni, na hilo ndilo swali lake. Na unajua nilihisi nini? Wivu ule ule. Nilidhani nikikiri utatoka. Leo amepiga pasi shati la kuja kwako, na nimetamani avae lile lililopauka.

Nikamjibu, "Kamwulize mwenyewe aliyewakaanga."

Basi anakuja Ijumaa, na barua hii anayo yeye. Sijui atarudi lini. Sikumwuliza, na wewe usimharakishe kwa kunionea huruma. Mama Kanini amesema atanichotea maji.

Msalimie mama mkwe, umwambie wifi yake aliyefariki naye nimemkosea kwa kuharibu matanga yake. Msalimie Nekesa binti yetu na mtoto aliyepata, sijamwona. Mwalimu aliyeleta mzigo asiogope kuleta mwingine. Na shemeji mkubwa, mpe barua hii aisome mwenyewe kwa sauti Jumamosi, mke wake akiwa amekaa hapo. Asiruke popote. Akimaliza, wewe ndiye upike chakula cha kikao, na wote wale.

Ni mimi, niliyekula peke yangu,
Mama Simiyu