Maziwa Yasiyoonwa na Lango

Jumatatu, 6 Novemba
Maziwa ya dawa ya Marlin wangu yamebaki kopo moja. Ya ng'ombe wetu hayawezi, wala nyama wala yai – alizaliwa hivyo. Mume wangu Elvin kafunga farasi kwenye gari, tumekwenda duka la dawa. Katoni iko pale nyuma ya kaunta, jina la mtoto juu yake! Desiree, binti wa kaunta, ati, "Mama, haijafika." Haijafika? Nimeinyooshea kidole! Ati kila kopo lina kibandiko cha redio, na lango la nyuma, lile la kusoma vibandiko, halikuvisoma mzigo ulipoingia. Basi kompyuta haimruhusu kutoa.

Jumanne, 7 Novemba
Wameipitisha tena langoni. Kimya. Fundi kasema kwenye simu, makopo yakibanana, bati na maji huzuia mawimbi. Kwani humo wanauza nini kama si maji kwenye bati! Desiree kacheka, kisha kaona haya. Nirudi Alhamisi, meneja atakuwepo.

Alhamisi, 9 Novemba
Meneja hakuja. Nimempunguzia Marlin kipimo. Mama mkwe kanionya: watu wa kanisa letu hawagombani madukani. Nikasema sigombani, mama, nimenuna tu. "Umenuna hadi farasi kasikia!" Tumecheka.

Halafu nikabadilisha nepi. Harufu ya sukari iliyoungua.

Esther wangu, dada yake Marlin, alinuka hivyo. Tulidhani shira imemwagika. Tukamzika.

Ijumaa, 10 Novemba
Harufu imezidi, mtoto kalegea, na kopo la nyumbani limekwisha. Daktari kwenye simu: anywe sasa hivi, kisha nimpeleke hospitali. Njiani Elvin ananiambia, "Lydiann, usichopewa ukichukua ni wizi." Nikamuuliza, wizi wa nini? Si wanasema hakipo? Kachapua farasi.

Nimezunguka kaunta, nimepasua katoni, nimechukua kopo moja. Desiree kageukia ukutani, ati anapanga dawa za kikohozi. Mungu ambariki.

Kufika mlangoni – lango la mbele likapiga kelele duka zima! Taa nyekundu! Wiki nzima vipofu hawa, leo ndiyo wameona!

Mlinzi kanikalisha hapa benchini, tungoje polisi. Kopo analo yeye. Elvin kampakata mtoto. Naandika nisije nikampiga mtu. Nimemwambia mlinzi, kaka, lishike, lako, ila lifungue tu. Anamtazama Marlin. Anaitazama taa. Elvin kasogeza chupa – Elvin huyu huyu!

Mkono wa mlinzi uko juu ya kifuniko. Naweka kalamu.