Kanzu ya Kitani cha Arbeli

Yerusalemu, majira ya kukamua zabibu

Mama yangu mpendwa Shelomziyoni,

Amani ikufikie hapo ulipo, ikukute mzima, umeketi kwenye kitanda chako cha kufumia huku unagombana na kuku. Mimi sijambo, nakula na kulala, na kile kikohozi kilichokuwa kikikutia hofu kimekwisha. Magoti yako yanaendeleaje? Na Tabita wa jirani, bado anacheka hata mahali pa kulia? Najua ndiye anayekusomea, maana nimemsihi mchukuzi barua hii isipite mikononi mwa baba mdogo Yoazari. Tabita, soma taratibu, na usiruke.

Ujumbe wako nimeupata kwa yule muuza kitani. Kaniambia unakuja kwenye Sikukuu ya Vibanda, tena si peke yako bali na nusu ya Arbeli, na kwamba umeshawatangazia wote watamwona Yeshebabu wako akihudumu mbele za Mungu ndani ya kanzu uliyoifuma. Kasema unauliza jambo moja tu: kanzu inanikaaje mabegani. Nitakujibu, Mama. Ila nivumilie kidogo, maana nikianzia hapo Tabita atashindwa kuendelea.

Nianze na hili: kanzu yako imeingia Hekaluni. Haki ya Mungu, imeingia! Wazee wa mavazi waliikunjua, wakaivuta huku na huku, na mmoja akauliza, kwa dharau kidogo, kama hiki ndicho kile kitani kigumu cha Arbeli. Nikamjibu ndicho, na kwamba mama yangu amekiloweka, akakiponda na kukisokota tangu mimi sijaota jino. Akaishika tena, akatikisa kichwa, akasema kanzu hii itawazika makuhani wawili. Hata lile fundo la kwapani, pale mbuzi alipokusukuma uzi ukakatika, waliliona wakalipitisha.

Mama, nilikuwa nasikia tu habari za hapa. Sasa nimeona, na sijui niseme vipi. Asubuhi jua likiipiga ile dhahabu ya mbele ya Hekalu, watu wanageuza nyuso. Siku ya kwanza nililia hadharani. Ninakaa kutwa na mzee mmoja, Yakimu, mtu wa maneno mengi, akanicheka, kisha akakiri kwamba hata yeye asubuhi nyingine bado machozi yanamtoka. Ndiye aliyenieleza kwa nini vyombo vya uani ni vya shaba na vya ndani ni vya dhahabu. Shaba, anasema, ni ya mahali penye moshi na damu na mikono ya watu. Inapauka, inasuguliwa, inapauka tena, kama sisi. Dhahabu haipauki, ndiyo maana inakaa karibu na Yeye asiyebadilika. Nikamuuliza, na kitani je? Akasema kitani kinatoka udongoni, kila shina limesimama lenyewe, na hakuna mnyama aliyetolewa roho ili kipatikane. Mtu akikivaa anaingia mbele za Mungu kama Mungu alivyomfinyanga, udongo usio na la kujisifia. Nikakumbuka ule udongo mweusi kwenye kucha zako.

Na kuni nazo, usidhani ni kuni tu. Zinazokwenda madhabahuni huchaguliwa moja moja, na zenye bungua, hata kama katoboa tundu la sindano tu, hutupwa pembeni. Mtini unafaa, msonobari unafaa. Mzeituni na mzabibu haiguswi kabisa. Nilipouliza sababu, Yakimu alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini mtu hampigi mama yake. Mti uliotoa mafuta ya taa na divai ya sadaka umeshatoa, alisema. Nani ana uso wa kuudai na mwili wake? Hapo nikakufikiria wewe tena.

Haya, nifike pale ninapopakwepa. Tabita, mshike Mama mkono.

Siku niliyosimama mbele ya wazee, waliuchambua ukoo wetu kutoka kwa marehemu Baba hadi kwa babu za babu zake, ukatoka safi. Nikajua nimeshapita. Kisha wakaniambia nisogee kwenye mwanga. Mkaguzi hakuwa mkali, niamini. Alinishika kidevu kama unavyonishika wewe, akalitazama jicho langu la kushoto, akamwita mwenzake, naye akatazama. Ni ule uzi mweupe, Mama, unaotoka kwenye weupe wa jicho ukaingia kwenye mboni. Ule uliokuwa ukiubusu nikiwa mdogo, ukisema ni uzi uliobaki Mungu aliponishona. Kwa Sheria ni kilema. Mwenye nao ni kuhani kweli, atakula chakula kitakatifu pamoja na ndugu zake, lakini madhabahuni hapandi. Si mwaka huu tu. Maisha yake yote.

Kwa hiyo kanzu yako sijaivaa hata siku moja. Nilikaa kwenye ngazi nimeipakata, nalia kama mtoto. Niliuona uso wako. Nikamwona na baba mdogo akiwakumbusha watu kwamba alisema tangu zamani, shemeji yake anafuma kanzu ya kumvika punda. Nilitaka nipotee, nisirudi Arbeli wala nisibaki hapa.

Yakimu ndiye aliyenikuta. Akanyoosha mikono yake mbele ya uso wangu, vidole sita huku na sita huku, akasema, "Acha kelele, mwanangu. Wewe una uzi mmoja tu. Mimi nina vidole vya kutosha na vya kumwazima jirani." Akanipeleka Chumba cha Kuni. Humo tumo makuhani wenye vilema: mmoja kibyongo, mmoja mkono wake ulivunjika ukaunga upande. Wananiita Adui wa Bungua, kwa kuwa hakuna tundu linalonipita. Ndiyo kazi yangu, Mama. Nachagua kuni.

Kanzu niliitoa kwa mikono yangu iwe ya Hekalu, wakampa Elasa, kijana wa zamu yetu ambaye mama yake alifariki akimzaa, hana wa kumfumia. Inamkaa mabegani vizuri sana. Hilo ndilo jibu la swali lako.

Sasa sikia kilichonifanya nipate nguvu ya kuandika. Juzi kura ilimwangukia Elasa apeleke vile vipande viwili vya kuni vya asubuhi. Akaja mlangoni kwetu. Nikachagua msonobari, nikaugeuza kila upande, nikaunusa, nikampa. Kupitia lile lango la shaba la kuingilia ua wa madhabahu nikamwona akipanda madhabahuni miguu mitupu, kitani chako kinang'aa, na kuni zangu amezibana kwapani, pale pale penye fundo lako. Akaziweka motoni. Moshi ukapanda. Mama, niliogopa, na sijawahi kufurahi hivyo. Mimi siruhusiwi kupanda, wewe huruhusiwi kupanda, lakini kazi ya mikono yetu ilipanda pamoja mbele za Mungu, na moto ukaipokea. Yakimu anasema kanzu ikichakaa haitupwi; inachanwa iwe tambi za kinara cha dhahabu, huko ndani kabisa.

Basi njoo, na uje na hao wote. Baba mdogo naye aje. Nisalimie Tabita na wazazi wake, na kuku usiwachinje wote kwa ajili ya safari. Elasa anakusalimu kwa heshima na anaomba akuone.

Jambo la mwisho. Wenye macho safi, mama zao huishia kwenye ngazi za lango la shaba, wakanyoosha shingo, wakaona migongo tu. Lakini Chumba cha Kuni kiko humo humo katika Ua wa Wanawake, pembe ya kulia ukiingia kwa lango la mashariki. Hakuna atakayekuzuia. Utafika hadi mlangoni, utanikuta nimeketi na kuni mapajani, nimeelekea kwako, na utanishika kidevu.

Ni mimi mwanao,
Yeshebabu