Utani Uliotutangazia Mkutanoni

Mjomba,

Mie kuandika unanijua, shule nimeishia la nne. Lakini kusema mbele ya watu ndo siwezi kabisa, bora kwenye karatasi.

Huku hakuna shwari. Ile njia ya ng'ombe ya kwendea mtoni, uliyowakalisha wakulima na wafugaji mpaka wakakubaliana, kaka Shabani kaipanda ufuta. Ng'ombe wamepita wamekula. Sasa vijana wetu wa hapa Umwe wananoa mapanga, na kule kwa wafugaji nako hawalali.

Yote yameanzia mazikoni kwako.

Ulivyokuwa mbunge ulitangaza mkutanoni kwamba sisi na wafugaji toka leo watani. Ukasema, "Nchi yetu bado changa, inafundishika. Watu wakishataniana watashindwaje kuongea?" Hata vita vya nchi za watu ukivisikia redioni, ulikuwa unasema wakalishwe chini tu, walishwe wali, wataelewana. Mama anakucheka, "Nenda kawapikie basi, kaka."

Mzee Masanja, mkubwa wa wale wafugaji, alikuamini. Siku tunakuzika kaja, kaingia kaburini kabla yako, kalala chali. "Sitoki! Mla ubwabwa huyu hajafa, anakimbia ahadi ya josho la ng'ombe wangu!" Si ndo mtani anavyofanya msibani? Wewe ungecheka mpaka ukohoe. Watu wetu wakamvuta miguu, wakampiga. Mzee wa watu anauliza, "Jamani, si tulisema watani?" Shabani akamjibu, "Utani wa kwenye kipaza sauti huo!"

Toka hapo hakuna aliyekaa na mwenzie.

Nimekukasirikia, Mjomba. Kweli kabisa. Ulidhani ukishatangaza imekwisha. Misiba yao ulikuwa unakwenda peke yako, unarudi unacheka, una mavi ya ng'ombe viatuni, sie tunakuangalia tu. Masanja ulimfundisha. Sie hukutufundisha. Hata siku moja hukusema, Saidi, twende. Ningekataa, najua. Lakini ungesema.

Na hawa nao! Kila baraza wanakutaja, marehemu alipenda amani, marehemu alipenda amani, halafu wanaondoka na mapanga yao. Nakaa nyuma nasikiliza, roho inaniuma.

Jana mama yake Masanja kafariki. Wanazika kesho. Hapa kijijini hakuna anayekwenda, Shabani kasema, "Atakayekwenda asirudi kwangu."

Mie nakwenda. Mdomo mzito, na utani wenyewe sijui nianze na neno gani. Labda nitamwambia Masanja alie vizuri, anatisha ndama. Wakinipiga watanipiga, zamu yetu. Wakicheka, nitamwambia kuhusu njia.

Pumzika, Mjomba. Mungu akupanulie hapo ulipo. Kesho nitafungua mdomo, nakuahidi, hata kama ni neno la kijinga.

Mie mpwao,
Saidi